Kaunta ya Polisi na Mlango wa Mama Chelangat

Karagita,
S.L.P. ya kanisa,
Naivasha.
Jumapili, 23 Novemba 2008

Mpendwa Anko Ephantus,

Nikiwa nimefika katikati ya ile kaunta, msumeno ukakwama. Mbao ilikuwa mutarakwa ya zamani, ile ya wakati wa wazungu, ngumu kama jiwe na bado inanukia. Karao wote wa kituo cha polisi walikuwa wamesimama hapo ripoti ofisi wakiniangalia, wengine wamekunja mikono. Jasho ilikuwa inaniingia macho. Halafu mmoja akasema huko nyuma yangu, "Huyu kijana anakata serikali." Wakacheka. Mimi sikucheka, Anko. Dada Wangare alikuwa amesimama mlangoni, akaniambia polepole tu, "Endelea, Nafu." Nikaweka mafuta kidogo kwa msumeno, nikaendelea.

Lakini ona, nimekimbia mbele hata sijakusalimia. Unisamehe. Unajua mimi si mtu wa kalamu, shule niliachia darasa la sita, na kuongea pia unajua venye inanisumbua. Hii barua nimeianza na kuiacha mara nyingi. Leo nimesema niandike tu ile kitu iko mbele kwa roho, salamu zitafuata nyuma.

Basi sasa salamu. Uko aje Anko? Habari ya Dubai na hiyo joto yake? Bado wanakuweka nje kulinda hoteli mchana, ama walikupatia mahali pa kivuli? Mama anasema alikuota ukiwa mwembamba sana, na tangu hiyo ndoto amekuwa akiniuliza kama huko kuna viazi. Nimemwambia viazi haiwezi kukosa mahali watu wanaishi. Kama nimedanganya, uniambie, lakini usimwambie yeye.

Sisi hapa tuko sawa. Goti ya Mama inauma wakati wa mvua, na mvua imekuwa mingi, lakini anatembea. Kazi ya maua imerudi, ile kampuni yake imemchukua tena kufunga mashada. Baiskeli yako iko, naipanguza, hakuna mtu anaiendesha isipokuwa mimi nikienda tauni kuchukua misumari. Na mimi bado niko na kibanda changu cha useremala hapa kando ya lami. Ni hapa nakuandikia, karatasi iko juu ya meza ya randa, kwa hivyo ukiona vumbi ya mbao ndani ya bahasha usishangae.

Sasa nikuambie sababu. Ni Wangare.

Unakumbuka ile Pasaka ya mwaka jana, kabla upande ndege. Wangare alikuwa ametoka kutuambia amepata kazi na lile shirika linasaidia polisi kubadilika. Wewe ukaweka kikombe chini ukasema, "Mimi nimevaa hiyo nguo mpaka nywele ikawa nyeupe. Hao watu hawafundishiki. Watakunywa chai yako, halafu wakucheke." Yeye akasimama akaacha chapati yake kwa sahani. Mimi nilikuwa kwa kona, nikaona yote, na sikusema kitu, si unanijua. Tangu hiyo siku nyinyi wawili hamjaongea. Anko, wewe ndio ulimlipia shule. Ile maneno yako anatembea nayo kama kijiwe ndani ya kiatu. Akichoka, akikaa pale nje kuvua viatu, anasema tu, "Anko aliniambia."

Ndio maana naandika. Nataka ujue kile kitu kimetokea, na nataka ukisikie kwa mtu aliona.

Watu wakiniuliza dada yako anafanya kazi gani, zamani nilikuwa nashindwa. Si karao. Si wakili. Wakati ule alikuwa anapiga taipu kwa wakili huko Nakuru ilikuwa rahisi kusema. Halafu akaenda na watu wa kanisa kuona watu wako seli, hapo ndipo alijua vituo venye ziko ndani. Sasa hii ya kusaidia polisi, mtu anaelezaje? Nilikuwa nasema ako ofisi, basi.

Lakini yeye hayuko ofisi. Yeye anazunguka vituo, leo hapa, kesho Gilgil, kesho kutwa Njoro. Anakaa na makarao darasani na anawafanyisha vitu ambazo wewe ungecheka. Anawavulisha yunifomu, wanavaa nguo zao za nyumbani, halafu anawapeleka nje ya geti wasimame kwa jua wangojee mtu awaite. Anawaacha huko. Wakianza kulalamika anawauliza, "Na nyinyi mmesimama kidogo tu, si ndio?" Mwanzo walimpatia jina, Madam Tafadhali, juu alikuwa anawaambia kabla umwambie mtu kitu, sema tafadhali. Walikuwa wanaliimba akipita. "Madam Tafadhali, tafadhali nipe kiti, tafadhali nipe mke!" Yeye anapita tu. Na siku moja, Anko, nilisikia kopro akimwambia mlevi pale kituoni, "Tafadhali ingia seli." Huyo mlevi alishangaa mpaka akaingia.

Sasa Januari, ile ya fujo ya kura. Sitaki kuiandika sana, ulisikia kwa redio hata huko. Unamkumbuka Mama Chelangat, ule mfupi, rafiki ya Mama, walianza kazi ya maua pamoja. Ako na kaploti kake huku chini upande wa ziwa, mzee wake alikufa akamwachia. Siku ile vijana wa hapa, vijana tunajua, walianza kufukuza watu wa makabila ingine, Mama alimficha nyuma ya magunia ya viazi. Wakakuja mpaka mlangoni. Mama akasimama hapo na goti yake, akawaambia, "Hapa iko viazi. Kama mnataka viazi ingieni mchukue." Wakaenda.

Kesho yake mimi na Mama tukampeleka kituoni. Kulikuwa kumejaa watu mpaka kwa maua. Ile kaunta unaijua ilivyo, Anko, hata kama si hiyo ni ndugu yake, zote zilitengenezwa na mtu mmoja. Mama Chelangat ilimfika puani. Alikuwa ameishikilia na vidole, anaongea akiangalia juu, na sisi nyuma yake tulikuwa tunaona tu kofia ya karao ikienda huku na huku. Akasema nyumba yake imevunjwa. Sauti ikatoka huko juu, "Mama, hatuna gari, hatuna watu. Rudi kwenu." Akasema, "Kwetu ni hapa." Lakini kofia ilikuwa imeshaenda kwa mtu mwingine.

Akaenda kwa dada yake Mau Narok. Nyumba yake ikabaki bila mlango. Hata fremu waling'oa. Baadaye Jamleck, ule wa makaa, akaanza kuweka magunia yake ndani. Jamleck si mtu mbaya sana. Aliona nyumba haina mlango, akaona ni stoo.

Hapo niongeze kitu moja ndio uelewe. Mimi fundi, kazi yangu nyingi hapa ilikuwa milango za msako. Wewe ulikuwa polisi, unajua. Wakikuja kutafuta chang'aa ama kutafuta mwizi, hodi hakuna. Ni "Fungua!" moja, na kabla mtu ashuke kitanda, mguu umeingia. Asubuhi watu wanakuja kwangu na milango kwa kichwa, moja, ingine, ingine. Nilikuwa naangalia alama ya buti naambia mtu, "Huyu ni ule mrefu." Na ndiye. Kwa hivyo hapa Karagita ukisema polisi, mtu anafikiria mlango yake.

Sasa Wangare akasema ataitisha mkutano hapa hapa, polisi na wananchi wakae pamoja, waongee ya Januari, waongee ya milango. Hii ilikuwa mwezi wa saba. Wakubwa wake kutoka Nairobi wangekuja kuona. Viti tukaomba kanisa. Na OCS, ule mkubwa wa kituo, akataka kuonyesha roho safi, akatoa lori ya kituo ilete viti.

Lori ya kituo, Anko! Ile ya msako! Na hakuna mtu alifikiria, hata Wangare.

Ilipokata kona kutoka lami, kijana mmoja akapiga mluzi. Basi. Karagita yote ikahama. Akina mama wakabeba watoto, sufuria zikabaki kwa moto. Chang'aa ikamwagwa mtaroni mpaka kuku zikaanza kutembea vibaya. Hata mimi, na nilikuwa najua ni viti, nilijikuta nyuma ya choo. Kopro mmoja anaitwa Dalmas akashuka akiwa amejiwekea viti za plastiki kwa kichwa, anazunguka katikati ya uwanja peke yake akipiga kelele, "Ni viti! Jameni, ni viti tu!" Kutoka nyuma ya mabati mtu akamjibu, "Hata ile siku mlisema ni chanjo!"

Mtu alibaki ni ule nyanya hasikii vizuri. Alichagua kiti mbele kabisa, akakaa, akauliza, "Nani amekufa?"

Sisi tunacheka sasa. Hiyo siku hatukucheka. Mkubwa wa Nairobi alifika na gari yake akapata viti zimepangwa vizuri, na nyanya, na dada yangu amekaa katikati. Akamwambia pale pale, nikisikia, kwamba shirika haliwezi kuendelea kuweka nguvu mahali watu hawataki. Kama mpaka mwisho wa mwaka hakuna mtu wa Karagita ameingia hicho kituo kwa miguu yake mwenyewe kusema shida yake, wataichukua hiyo kazi waipeleke kwingine, na Wangare arudi ofisini kupiga taipu. Wakati wa kurudisha viti kanisa tulizibeba na mikono. Dalmas akabeba pia. Hakuna mtu alikimbia, na Wangare aliangalia hiyo kitu sana.

Wiki ingine akaniambia tupande Mau Narok. Tukapata Mama Chelangat kwa shamba ya watu, anachimba viazi, matope mpaka magotini. Alitukumbatia na hayo matope. Wangare akamwambia arudi, aje aandikishe kituoni, nyumba ni yake na sheria ni yake. Mama Chelangat akamsikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi. Halafu akasema, "Wangare, mtoto wangu, mimi nilienda. Niliongea na mbao. Mbao ikaniambia nirudi kwetu. Sasa unataka nitoke huku niende kuongea na mbao tena?"

Njia yote ya kurudi dada yangu aliangalia tu dirishani. Tulipofika hapa lami, akaniuliza, "Nafu, hiyo kaunta inaweza kukatwa?"

Nikamwambia kila mbao inaweza kukatwa. Lakini hiyo si yangu.

OCS alikataa kwanza. Akasema, "Madam, hiyo kaunta niliikuta hapa na nitaiacha hapa." Wangare hakubishana naye. Alimwomba tu azunguke aje upande wa wananchi. Akazunguka. OCS ni mtu mrefu, unaona. Akamwambia, "Sasa tafadhali piga magoti, uwe kama Mama Chelangat." Nilifikiri atamfukuza. Lakini huyo mzee aliangalia sakafu, akavuta suruali kidogo isichafuke, akapiga magoti. Akashikilia mbao na vidole, akainua macho. Akakaa hapo.

Dalmas ndiye alikuwa zamu upande ule wa ndani. Akamuuliza, "Afande, unaona nini?"

"Naona matundu ya pua yako," OCS akasema. "Na yanahitaji kuoshwa."

Walicheka mpaka watu wa seli wakauliza kuna nini. Alipoinuka akapanguza magoti, akaandikia wakubwa wake wa Nakuru, na wao walichukua muda wao, si unajua serikali, lakini wakakubali. Ndio nikaitwa na msumeno.

Niliikata ikawa kimo cha meza ya kula. Ile sehemu ya juu nikatengeneza benchi, nikaiweka nje chini ya dirisha, watu wakae wakingoja. Viti zikawekwa pande zote mbili, sawa sawa, hakuna kimoja kirefu. Siku ya kwanza Dalmas alikaa hapo akijishika shika, akasema, "Mimi naona kama niko bila suruali." Mwenzake akamwambia, "Na sisi tunakuona hivyo."

Sasa, Anko, kitu sijakuambia. Ile kofia ya Januari, ile sauti, ilikuwa ya Dalmas. Mimi nilijua tangu siku ya viti. Wangare pia alijua.

Tukamtumia Mama Chelangat ujumbe kwamba mbao imekatwa. Hakuamini. Akasema atakuja kuona na macho yake, kuona tu, hajasema ataongea. Siku alisema atakuja, zamu ilikuwa ya Dalmas. OCS akamwambia apumzike, ataweka mtu mwingine. Dalmas akasema, "Hapana, afande. Niache nikae."

Ilikuwa Ijumaa hii imepita. Mama alimvalisha kitambaa kizuri, tukaenda naye, sisi watatu kama ile siku ingine. Wangare hakuingia. Hiyo ni sheria yake, anasema akiingia yeye, mtu ataongea na yeye, na yeye si polisi. Alienda akasimama pale kwa mfereji akatupatia mgongo, kama mtu anaosha mikono. Lakini maji hayakuwa yanatoka. Mimi niliona. Alikuwa ameshika tu mfereji.

Mama Chelangat alisimama mlangoni muda. Aliangalia meza. Alikuja akaipapasa na mkono, pale nilipitisha randa. Dalmas akasimama. Kofia aliitoa akaiweka kando. Akasema, "Karibu mama. Tafadhali kaa."

Akakaa. Miguu yake ilifika chini, hiyo pia niliangalia.

Akamtazama sana. Akamuuliza, "Si ni wewe?"

Dalmas angesema si yeye. Watu walikuwa wengi hiyo Januari, kofia ni nyingi, nani angejua? Akasema, "Ni mimi, mama. Ni mimi nilikuambia urudi kwenu. Pole."

Mama Chelangat alikaa akimwangalia, kutoka nywele mpaka kidevu, kama mtu ananunua mbuzi. Halafu akasema, "Kumbe uko na uso."

Na akaanza kuongea, Anko. Aliongea mpaka chai ikaletwa na ikapoa. Dalmas aliandika yote, na mahali hakuelewa aliuliza, na mahali huyo mama alilia, yeye alingoja. Tulipotoka nje, Wangare bado alikuwa kwa mfereji. Mama Chelangat alienda akamshika kiuno kutoka nyuma, maana hapo ndipo anafika, akamwambia, "Mbao imejibu vizuri." Dada yangu akaketi kwa lile benchi langu akalia, na makarao wakajifanya wanaangalia bendera.

Jana Jumamosi Dalmas na OCS walikuja kwa Jamleck. Kwa miguu. Dalmas akasimama nje ya nyumba ya Jamleck akapiga hodi. Anko, nakuambia alipiga hodi! Watu wakatoka kwa vyumba kuona ni nini hiyo. Jamleck alikuwa amejifungia, anajibu kutoka ndani, "Nani?"

"Ni polisi."

"Uongo. Polisi haipigi hodi."

Ilibidi OCS mwenyewe apitishe kitambulisho chake chini ya mlango. Jamleck akafungua. Alijitetea kidogo, ati yeye alikuwa analinda nyumba. Dalmas akamwambia, "Tunashukuru kwa kulinda. Sasa toa makaa." Mpaka jioni magunia yote ilikuwa nje, na Jamleck mwenyewe akafagia, ingawa bado kuta ni nyeusi. Mama Chelangat anarudi leo baada ya kanisa, na gari ya viazi.

Sisemi wote wamebadilika. Pale kwa barabara bado mkono unanyooshwa kama zamani, na kuna mmoja hapo kituoni ananiangalia vibaya tangu nikate kaunta. Na hapa mtaani pia kuna vijana hawataki huyo mama arudi, wanasema chini chini. Hata wewe huwezi kusema hujui hayo. Lakini wakubwa wa Nairobi wamepigiwa simu na OCS mwenyewe. Akawaambia tangu Ijumaa watu wengine wa Karagita wamekuja, mmoja kwa mambo ya ng'ombe, mwingine bwana yake anampiga, na kwamba Madam Tafadhali asitolewe hapa. Wamekubali aendelee. Baada ya Krismasi ataenda vituo vya huko juu, Mau Narok na Molo, na kila mahali atafika ataangalia kaunta kwanza. Ananiambia nitafute msumeno mwingine.

Sasa mtu akiniuliza dada yako anafanya kazi gani, najibu. Nasema anafundisha polisi kupiga hodi.

Mpigie, Anko. Namba yake ni ile ile. Hatakuuliza kitu, namjua. Ukisema tu "Wangare," yeye ataongea yaliyobaki. Wewe ulimpeleka shule na wewe ulivaa hiyo nguo. Kuna kitu anataka kusikia kwa mtu aliivaa, na si mimi naweza kumwambia.

Mama anakusalimu, na anasema kama huko hakuna viazi urudi nyumbani. Nyanya wa Njoro anakusalimu, bado anakutaja kwa maombi kabla ya ng'ombe. Mdogo wetu Jackie amefanya mtihani wa darasa la nane, anangoja majibu, anasema umwombee na usisahau saa ulimuahidi. Bwana Tejinder wa hardware anauliza lini utarudi mkabishane tena juu ya redio. Hinji za mlango nilizonazo hapa ni yeye alinichagulia, zile nzito kabisa. Alizigonga kwa kaunta yake akaniambia, "Fundi, hii hata afande akipiga teke, mguu ndio utaenda hospitali." Dalmas alikuwa amesimama hapo hapo akinisindikiza. Akasema, "Mpatie mbili."

Mungu akulinde huko kwa mchanga, akupatie kivuli, na akurudishe ukiwa na mwili ule ule ulienda nao.

Hapa sasa lazima niache kalamu. Mlango wa Mama Chelangat ndio huu umeegemea ukuta, nimeumaliza asubuhi, vanishi imekauka, na kanisa imeanza kutoka. Atafika nyumbani kwake saa yoyote na haifai apate shimo. Ni mzito, si wa mtu mmoja, na kutoka hapa lami mpaka kwake ni katikati ya Karagita yote. Wale vijana wamekaa pale kwa ukuta wa kinyozi, nawaona kutoka hapa. Watanitazama, na unajua kutazamwa venye inanifanya. Lakini Dalmas amekuja, na yunifomu yake, bila bunduki, bila lori. Ameshika upande wake wa mlango tayari na anasema, "Fundi, andika hiyo barua jioni, mkono unachoka."

Wacha nishike upande wangu.

Ni mimi mtoto wa dada yako, anayekupenda na kukungoja,

Naftaly Kang'ethe